Kuoka Keki kwa Kikombe cha Uji

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniandikia akitaka nitoe somo moja lenye kufaa nyumbani na darasani pia. Nilifikiri sana. Wenzangu niliosoma nao katika shule hii wamekuwa waganga, waalimu na mahakimu, na mmoja ni padre. Mimi ni mwoka keki. Basi nikaona ni heri niandike juu ya kazi niijuayo kuliko kuandika juu ya siasa nisiyoijua. Somo langu ni hili: namna ya kuoka keki nzuri nyumbani kwa kupima kila kitu kwa kikombe, bila mizani.

Najua wavulana wengine watacheka na kusema kuwa jambo hili liachiwe dada zetu. Wacheke, lakini wakimaliza kucheka waendelee kusoma. Mtu anayeweza kugeuza unga, sukari na mayai kuwa chakula cha kuuzwa, hafi njaa penye watu. Mimi ni shahidi.

JIWE LILILOPOTEA

Nilipomaliza masomo yangu ya kidato cha nne nilipata kazi ya msaidizi jikoni katika hoteli moja mjini Jinja. Jina la hoteli hiyo halina haja hapa. Mpishi mkuu alikuwa mtu mzima, fundi kwelikweli wa keki, nami nilimheshimu. Alikuwa na mizani ya zamani yenye sahani mbili na mawe yake ya shaba, kubwa la ratili moja na dogo la wakia moja. Mizani hiyo aliifungia kabatini, na ufunguo aliuvaa shingoni. Wakati wa kupima alitugeuzia mgongo. Nilipomwuliza, "Mzee, unga huu ni kiasi gani?" alinijibu, "Kijana, wewe osha masufuria."

Siku moja jiwe la wakia nne halikuonekana. Tulikuwa wasaidizi watatu, na mimi ndiye niliyekuwa mgeni kuliko wote. Sikuulizwa mara ya pili. Nilipewa mshahara wa siku nilizofanya, nikaonyeshwa mlango. Jiwe lile sikulichukua, na mpaka leo sijui lilikwenda wapi.

Hayo yalikuwa Desemba 1997. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na dada yangu mdogo aliyekuwa akingoja kuingia kidato cha pili. Baba alikwisha fariki. Mama aliuza karanga sokoni, na mshahara wangu ndio uliokuwa uwe ada ya dada, shilingi 60,000 za muhula wa kwanza. Sasa mshahara haupo, na shule ingefunguliwa mwisho wa Januari.

Nilimwambia mama, "Keki ningeweza kuoka, maana mwaka mzima nimetazama. Lakini sina mizani, na vipimo sikuonyeshwa."

Mama alikuwa akipimia mteja karanga. Hakuinua hata uso. Akasema, "Mwanangu, mimi nauza sokoni mwaka wa ishirini huu. Umewahi kuniona na mizani?"

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

KIPIMO NI NINI?

Kuna njia mbili za kupima vitu vya jikoni. Ya kwanza ni uzito, yaani tunauliza kitu hiki ni kizito kiasi gani. Hapo twahitaji mizani. Njia ya pili ni ujazo, yaani twauliza kitu hiki chajaza chombo gani. Hapo twahitaji chombo tu.

Wazee wetu wa pwani walitumia ujazo siku zote. Mchele, mtama na mahindi walivipima kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Tena walijua vema kwamba kibaba kimoja chaweza kuwa namna mbili. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka kikafanya kilima juu, na kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Mnunuzi alitaka cha tele, mwuzaji alitaka cha mfuto. Mwoka keki naye siku zote ataka cha mfuto. Likumbukeni neno hilo, maana ni nusu ya somo hili.

Waingereza walipenda mizani. Keki yao moja ya kale iliitwa keki ya ratili, kwa sababu walitia ratili moja ya unga, ratili moja ya siagi, ratili moja ya sukari na ratili moja ya mayai. Wafaransa wana keki kama hiyo, waiita robo nne, maana kila kitu ni robo ya jumla. Walakini Wafaransa haohao wana keki nyingine ambayo watoto wao hujifunza kwanza, nayo hupimwa kwa kikopo cha mtindi. Mtindi hutiwa bakulini, na kikopo chake kikiwa kitupu ndicho hugeuka kipimo cha unga, sukari na mafuta.

Waamerika ndio waliozoea vikombe kuliko wengine. Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa upishi katika mji wa Boston, Bibi Fannie Farmer, alitoa kitabu cha mapishi ambacho kilisisitiza vikombe na vijiko vilivyosawazishwa juu. Kabla yake wapishi wengi waliandika "siagi kama yai" au "unga wa kutosha", na kila mtu alikisia. Kwa hiyo bibi huyo alifundisha kibaba cha mfuto, ingawa jina hilo hakulijua.

Sasa, kosa la kupima kwa kikombe ni nini? Ni hili: vitu vinavyojaza kikombe kimoja havina uzito mmoja. Kikombe cha Kiamerika huchukua maji gramu 237. Kikombe hichohicho huchukua sukari gramu 200 hivi, na unga wa ngano gramu 125 hivi tu. Tena unga ni mjanja. Ukiutia kwa kijiko taratibu huwa gramu 120 au 125. Ukiuchota kwa kikombe na kuushindilia, hufika gramu 150 na zaidi. Katika vikombe viwili hiyo ni tofauti ya gramu 50 au 60, nayo yatosha kuifanya keki kuwa kavu kama matofali. Kwa sababu hiyo unga hauchotwi kwa kikombe. Huchungwa kwanza, ukatiwa kikombeni kwa kijiko, kisha ukafutwa juu kwa mgongo wa kisu. Usikigonge kikombe mezani, maana ukigonga unga hushuka na nafasi hupatikana ya kuongeza.

KEKI YANGU YA KWANZA

Keki yangu ya kwanza iliharibika, na yafaa niwaeleze sababu yake, kwa kuwa kosa lenyewe hufundisha kuliko maneno.

Mama alinikopesha fedha za kununua vitu. Nilipima unga na sukari kwa kikombe chake cha karanga. Kilipokuwa kimejaa mabaki ya sukari nikaona uvivu kukiosha, nikachukua kikombe cha uji cha dada kupimia maziwa na mafuta. Nikaoka. Ilipotoka jikoni ilikuwa imebonyea katikati kama kiti cha ngozi cha mzee, na chini yake ilikuwa rojo. Jirani hata mmoja hakuitaka. Tuliila sisi wenyewe siku mbili, kwa vijiko.

Dada ndiye aliyegundua. Aliviweka vikombe viwili juu ya meza, akajaza maji kimoja, akayamimina katika cha pili. Maji ya kikombe cha karanga hayakukijaza kikombe cha uji. Akakigeuza kikombe cha karanga juu chini. Tako lake lilikuwa limebonyea ndani! Mama akasema upesi, "Kiliangukia jiwe." Hatukumwuliza kiliangukia jiwe mara ngapi.

Basi sheria ya kwanza ikapatikana: KIKOMBE KIWE KIMOJA TU, tangu mwanzo hata mwisho. Si kitu kama ni cha bati, cha plastiki au cha udongo. Si kitu hata kama tako lake limebonyea. Maadamu vitu vyote vimepimwa kwa chombo kimoja, uwiano wake haubadiliki. Keki haijui gramu wala wakia. Keki yajua uwiano tu, yaani kitu hiki ni mara ngapi ya kitu kile.

MBILI, MOJA, NA NUSU TATU

Huu ndio uwiano niliouona kuwa mwema, baada ya kujaribu mara nyingi:

Unga wa ngano, vikombe 2.
Sukari, kikombe 1.
Mafuta ya kupikia, nusu kikombe.
Mayai, nusu kikombe.
Maziwa, nusu kikombe.
Beking pauda, vijiko 2 vya chai vilivyofutwa juu.
Chumvi, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili.
Iliki iliyotwangwa, au ganda la limau lililoparuzwa, kwa kupenda kwako.

Someni kama mnavyosoma hesabu: unga mbili, sukari moja, na nusu tatu. Mtu akisahau yote, asisahau hayo.

Labda mmeshangaa kuona mayai yakipimwa kwa kikombe. Vitabu vingi husema "mayai matatu". Lakini hapo ndipo wengi hupotea. Mtu mwenye kikombe kidogo na mtu mwenye kikombe kikubwa wote watatia mayai matatu, na uwiano umevunjika. Tena mayai yenyewe hayalingani. Yai la kuku wa kizungu, likitolewa ganda, ni karibu mililita 50. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko hilo. Kikombe chetu cha uji kilikuwa cha mililita 300. Nusu yake ni 150, yaani mayai matatu ya kizungu au manne ya kienyeji. Wewe pasua mayai kikombeni moja moja mpaka yafike nusu, usiangalie idadi. Ila kila yai lipasue kwanza katika kisahani, usije ukaharibu mema kwa moja bovu.

Ukitaka kukijua kikombe chako, chukua chupa ndogo ya soda ya mililita 300, ijaze maji hadi alama ya soda, kisha yamimine kikombeni. Kikombe kama hicho hutoa keki yenye uzito wa kilo moja hivi, nayo hutaka sufuria ya lita mbili, yenye upana wa sentimita 20.

KAZI YENYEWE

1. Washa moto kwanza, maana rojo ya keki haipendi kungoja. Paka sufuria mafuta, utandike karatasi nyeupe chini yake, uipake nayo mafuta.

2. Chunga unga pamoja na beking pauda na chumvi mara mbili. Pima unga baada ya kuuchunga mara ya kwanza.

3. Tia mayai na sukari katika bakuli, uyapige kwa uma au kwa mwiko dakika kumi, mpaka yageuke rangi yawe meupe-meupe na kufanya povu zito. Hapa usifanye haraka. Povu hilo ni hewa, na hewa ndiyo itakayoinua keki.

4. Mimina mafuta kidogo kidogo huku ukipiga. Kisha tia maziwa.

5. Tia unga kwa mafungu matatu, ukichanganya polepole kwa kuzungusha mwiko toka chini kwenda juu. Unga ukisha potea, acha. Usiendelee kupiga. Ngano ina kitu kinachovutika kama mpira. Ukipiga sana mpira huo hukaza, na keki huwa ngumu kama chapati ya juzi.

6. Mimina katika sufuria. Isizidi theluthi mbili, kwa kuwa itaumuka.

Je, huumuka kwa nini? Beking pauda ni soda, asidi kavu na wanga vilivyochanganywa. Ikipata maji na moto hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ileile tuitoayo puani. Hewa hiyo hufanya matundu madogo katika rojo, na moto hukausha kuta za matundu hayo kabla hayajabomoka. Mtu mmoja wa Birmingham, Uingereza, jina lake Alfred Bird, alitengeneza unga wa namna hii mwaka 1843, kwa sababu mkewe alidhurika kwa kula hamira. Basi mapenzi ya nyumbani nayo huleta sayansi. Hamira si beking pauda. Hamira ni vijidudu hai, nayo hutaka saa nzima au zaidi. Wala magadi ya kulainishia maharagwe si beking pauda. Ukitia magadi keki itakuwa na ladha ya sabuni.

JIKO LISILO TANURI

Jinja ni mji wa umeme. Bwawa lake la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Lakini umeme ukipita juu ya paa si umeme ulioingia jikoni. Sisi tulipika kwa sigiri ya mkaa. Nikafanya hivi.

Nilitwaa sufuria kubwa nzito, nikatia mchanga mkavu uliooshwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga niliweka vijiwe vitatu vidogo vilivyo sawa, na juu yake sufuria ya keki, isiguse kuta za ile kubwa. Nikafunika kwa kifuniko cha bati kisichopitisha hewa, nikapalia makaa ya moto juu ya kifuniko. Mchanga huzuia moto wa chini usiunguze keki, nao huutawanya. Makaa ya juu huipa keki rangi.

Kabla ya kuingiza keki, sufuria kubwa ipate moto tupu dakika kumi na tano. Moto wa chini uwe wa wastani, na wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Usifunue kwa dakika thelathini. Baada ya hapo chungulia. Keki ya kikombe kama changu huiva kwa dakika 45 mpaka saa nzima. Chomeka kijiti kikavu katikati. Kikitoka kikavu keki imeiva, kikitoka na rojo ngoja dakika tano. Ikiiva iache ipoe dakika kumi katika sufuria, ndipo uigeuze.

Katika kazi kubwa nimetumia debe lililolazwa ubavu na kuzungushiwa udongo, moto chini na moto juu. Kanuni ni ileile.

MAKOSA NA DAWA ZAKE

Keki ikibonyea katikati, ama ulifunua mapema, ama beking pauda ilizidi, ama maji yalizidi.

Ikipasuka juu kama mlima wa volkano, moto ulikuwa mkali mno. Sehemu ya juu ilikauka kabla ndani hakujaumuka.

Ikiwa kavu na kuvunjika-vunjika, ulishindilia unga kikombeni.

Ikiwa na mashimo marefu ndani, ulipiga sana baada ya kutia unga.

Ikikataa kuumuka kabisa, beking pauda imekufa. Ijaribu kabla ya kazi: tia kijiko kimoja katika maji ya moto. Ikichemka kwa povu ni nzima. Ikikaa kimya, itupe.

Liko jambo moja tena ambalo wenzetu wa milimani yawapasa kulijua. Jinja na Kampala ziko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kabale karibu mita 2,000. Kadiri tunavyopanda, uzito wa hewa inayotugandamiza hupungua, na matundu ya keki huvimba upesi zaidi. Kwa hiyo aliyeko Kabale apunguze nusu kijiko cha beking pauda na aongeze maziwa vijiko viwili. Naye aliyeko Mombasa au Dar es Salaam aongeze nusu kijiko cha beking pauda. Yule asiyejua hayo husema keki imerogwa.

KEKI NYINGINE MBILI

Keki ya ndizi. Hapa kwetu ndizi hazina udhuru. Chukua ndizi mbivu sana, hata zenye ganda jeusi, uziponde zijaze kikombe kimoja. Unga vikombe 2, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta nusu, mayai nusu, beking pauda vijiko 2. Maziwa usitie, maana ndizi zina maji yake. Keki hii hukaa siku tatu bila kukauka, tena siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza.

Keki isiyo na mayai. Hii ni ya wakati wa shida. Unga kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu, soda ya kupikia kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo. Changanya vikiwa vikavu. Tia maji kikombe kimoja, mafuta theluthi ya kikombe, na maji ya ndimu vijiko viwili vya mezani. Koroga upesi, uiweke motoni papo hapo, kwa kuwa ndimu na soda zikikutana hewa huanza kutoka, wala haikungoji.

HESABU YA DADA

Sasa nimalize habari niliyoianza. Baada ya kupata uwiano, tulioka keki mbili kila siku, moja alfajiri na moja adhuhuri. Kila keki tuliikata vipande 16, tukauza kipande shilingi 200 katika kituo cha teksi. Keki moja ilileta 3,200. Vitu vyake pamoja na mkaa viligharimu 1,550. Faida ikawa 1,650, na keki mbili 3,300 kwa siku. Dada aliandika yote katika daftari lake la hesabu la kidato cha kwanza, nyuma.

Jumapili tulipumzika. Wiki tatu zilikuwa siku 18. Jioni ya siku ya mwisho tulimwaga fedha mkekani tukahesabu, wote watatu, taa katikati. Zilikuwa 59,400. Tukahesabu tena. Zilikuwa 59,400.

Dada alinyamaza. Mimi nilimfikiria yule mpishi na ufunguo wake shingoni, moyo ukaniuma. Mama akafungua fundo la leso yake, akatoa sarafu moja moja mpaka zikatimia 600, akazisukuma katikati ya mkeka. Akasema, "Haba na haba hujaza kibaba. Hizi ni za karanga. Sasa kibaba kimejaa."

Dada alikwenda shule. Siku hizi yeye ni mwalimu wa hesabu, na vikombe vile viwili ndivyo huanzia somo la uwiano.

Ndugu wasomaji, yule mpishi alikuwa fundi kuliko mimi. Kama angenifundisha, ningemtaja hapa kwa jina na kumshukuru. Lakini ujuzi wake aliufungia kabatini. Mimi wangu nimeuweka wazi katika kurasa hizi. Aupendaye na auchukue, naye amfundishe mwenzake.

MASWALI

1. Kikombe changu ni mililita 300, nami hutia mayai matatu. Mwenzangu ana kikombe cha mililita 450. Akitia mayai matatu, keki yake itakosa nini? Yafaa atie mangapi, kama kila yai ni mililita 50?

2. Ratili moja ni gramu 454. Ikiwa kikombe cha Kiamerika huchukua unga gramu 125 na sukari gramu 200, keki ya ratili yataka vikombe vingapi vya unga, na vingapi vya sukari?

3. Bei ya sukari ikipanda hata keki moja igharimu shilingi 1,750, nasi tukiendelea kuuza kipande kwa 200, zingehitajika siku ngapi za kazi kupata 60,000?

4. Katika sokoni mwa kwenu, karanga hupimwa kwa kibaba cha tele au cha mfuto? Tazameni na tako la kikombe, lakini mtazame kwa adabu.

Mwanafunzi wa zamani, Jinja